Kamera ya Redio za Marehemu

Fundi alikuwa mwongo. Naanza hapo kwa sababu watu wa Migori wanaomkumbuka wataanza hapo, na sitaki waseme nimemsafisha. Ukimpelekea redio leo atakuambia kesho. Ukija kesho atakuambia kuna kispea kinatoka Kisii. Ukija tena atakutazama kana kwamba wewe ndiye umechelewa, akuulize, "Kwani hukuambiwa kesho?" Wanaume wazima walitoka kwenye kibanda chake wakitukana, na baada ya siku chache unawaona wamerudi na pasi ya dada yao iliyokufa.

Mji mzima tulimwita Fundi. Hata mke wake alimwita Fundi. Hapa pia atabaki Fundi. Majina nitakayoyaandika ni ya wale wengine.

Mimi niliuza chai na mandazi ng'ambo ya kibanda chake, kwenye barabara inayoshuka mtoni, kwa hiyo nilimwona kila siku kwa miaka. Alivaa koti la kijivu, jua liwake lisiwake. Stima ikipotea alipasha chuma chake cha kuchomea waya kwenye jiko langu la makaa, bila kuomba, na hakuna siku aliyoacha kunung'unika kwamba makaa yangu ni mabichi. Skrubu alizishika mdomoni. Redio ikikaidi aliigombeza kwa Kijaluo kama mtu anayegombana na shemeji. Na mteja alikatazwa kueleza ugonjwa wa redio yake. Ukianza tu, "Fundi, hii inakoroma halafu inanyamaza," anakukata, "Nyamaza nisikie mwenyewe." Analaza sikio juu ya boksi na macho ameyafumba, kama mtoto anayesikiliza tumbo la mama mjamzito. Mara nyingi alipata. Mara nyingine alikosa, akaharibu kabisa, na hapo ndipo kesho zilipokuwa nyingi.

Chai yake ilikuwa nusu sukari. Aliniita Min Akinyi, mama wa Akinyi, kwa heshima, hata wakati ambapo watu wengine walianza kuniita "yule."

Miaka ile tulikufa sana. Wanaojua wanajua. Kwa Kijaluo ule ugonjwa tuliuita ayaki, ukimwi, lakini hata hivyo tuliuita kwa kunong'ona, na matangani watu walisema malaria, walisema kurogwa, walisema chochote. Kwenye kibanda cha Fundi ugonjwa ulionekana kwa namna yake: redio zilibaki. Mtu analeta redio, anaambiwa kesho, anakwenda nyumbani anaugua, harudi. Rafu ya Fundi ilijaa. Hakuandika popote, lakini alizijua zote. Hii ya mwalimu wa Rongo. Hii ya yule mama wa mitumba. Hii ya konda aliyekuwa anaimba.

Akija mtu anayetaka kununua mojawapo, na walikuja, Fundi alimwambia, "Hiyo ina mwenyewe. Anakuja kesho." Nilimsikia akisema hivyo juu ya redio ya mtu ambaye sote wawili tulikuwa tumemzika.

Redio moja kwenye rafu ile ilikuwa yetu. Redio kaseti kubwa, spika mbili, na katikati kidirisha chenye mshale unaochezacheza muziki ukipanda. Mume wangu aliinunua Isebania, mpakani, alikokuwa akipakia magunia kwenye malori. Aliipenda kuliko kitanda. Ilipoanza kukoroma aliileta kwa Fundi, akaambiwa kesho, na kabla ya kesho hiyo yeye mwenyewe alianza kukohoa.

Alipokufa, Owuor alikuja. Owuor ni mdogo wa mume wangu, tumbo moja. Naliandika jina lake wazi, na kama bado anaona vizuri asome. Kwa desturi yetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na wapo waliorithiwa na watu wazuri wakaishi. Mimi nilimkataa huyu kwa sababu nilijua anachotaka ni mabati. Nilipomkataa, alikuja na vijana wawili mchana kweupe, wakatoa godoro, baiskeli, cherehani, masufuria, kisha wakapanda juu wakang'oa mabati nikiwa ndani na mtoto. Na picha yetu ya harusi, ambayo ilikuwa picha pekee ya mume wangu katika dunia hii, aliitoa ukutani akasema ni ya ndugu yake, si yangu. Sijaiona tena. Akinyi alikuwa hata hajajua kufunga kifungo. Sura ya baba yake haijui mpaka leo.

Nilipoanza kukonda, Owuor alitangaza kwamba ni chira, ile laana ya kukondesha inayompata aliyevunja mwiko. Watu walimwamini, kwa sababu ni rahisi kuamini kitu kisichokugusa.

Basi Owuor alikumbuka redio. Akaja Migori, kwa Fundi, akidai mali ya ndugu yake. Mimi nilikuwa nakaanga mandazi, nikaona yote. Fundi alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia pole sana kwa msiba. Akasema redio iko tayari, imekuwa tayari siku nyingi, wenyewe ndio wamechelewa. Nikaacha mandazi yaungue. Fundi akaishusha redio, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, akaifunga kwa kamba ya katani vizuri kabisa, Owuor akaibeba begani akapita mbele yangu akinicheka.

Ilikuwa boksi tupu. Fundi alikuwa ameshatoa kila kitu ndani, akaweka tofali ili iwe na uzito. Owuor aliporudi akipiga kelele, Fundi alimwambia, "Omera, ndugu yangu, redio ikikaa sana bila mwenyewe inakauka. Hata mtu anakauka." Barabara nzima ilicheka. Owuor hakuidai tena.

Sasa nifike kwenye picha.

Kifua kilipozidi nilijua ninakwenda. Sikuogopa sana kufa, niseme kweli, nilikuwa nimechoka. Nilichoogopa ni Akinyi kubaki bila sura ya baba na bila sura ya mama, kama mtoto aliyeokotwa. Nikavaa gauni langu moja zuri nikaenda studio, kwa Nyangweso. Huyu naye namwandika. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na maua ya plastiki. Alinitazama mlangoni, akaniambia nisikalie kiti chake, watu wengine watakikalia. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia mkate umekwisha. Nikatoka, na nikiwa bado kwenye ngazi nikasikia akimwagia sakafu dawa.

Nilirudi kwenye meza yangu ya chai nikalia. Fundi alikuja kuchukua chai yake. Nilimweleza, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiacha mtu mwingine aeleze ugonjwa mpaka mwisho. Akaniambia, "Kamera ni boksi lenye tundu. Nitatengeneza."

Nikamuuliza lini. Sihitaji kuandika alivyojibu.

Lakini alitengeneza. Boksi lenyewe lilikuwa la spika, la mbao nyembamba, ukubwa wa debe lililokatwa katikati. Ndani alilipaka weusi wa mawe ya redio, zile betri zilizokwisha: alizipasua, akasaga mkaa wake, akauchanganya na gundi, mikono ikawa myeusi mpaka mke wake akamkataza kushika ugali. Kioo cha mbele alikitoa kwenye mashine ya kutoa kopi iliyotupwa nyuma ya ofisi moja. Kifuniko cha kufungua na kufunga mwanga kilikuwa bati la kopo na springi ya kile kitufe cha kusimamisha kanda. Filamu ilivutwa na yale meno mawili yanayozungusha kaseti. Springi na meno hayo vilitoka kwenye redio za rafuni, na kila alipotaka kushusha redio moja alikwenda kwanza kwa waliobaki, kwa mjane au kwa mama mzazi, akaomba. Alitembea mpaka Rongo kwa ajili ya springi.

Kilichobaki ni kujua kama mwanga unatosha. Akachukua kile kioo cheusi cha kikokotoo kinachotumia jua, akakiunga na mshale wa redio kaseti. Ukiwa kivulini mshale unalala, ukisogea mlangoni unaamka. Akaja nao kwangu kwenye kiganja.

"Min Akinyi, mshale ni wa kwenu. Ukikataa nitatafuta mwingine."

Nilimwambia autumie. Nilimwambia mwenyewe angependa.

Filamu ya kwanza alimpa konda mmoja aipeleke Kisii ikaoshwe, ikarudi nyeusi yote. Ya pili ilirudi na watu, lakini kila mtu alikuwa na mwako mwekundu begani, kama ulimi wa moto, kwa sababu boksi lilikuwa na ufa. Mama mmoja wa kanisa la kanzu nyeupe alipoona picha yake alipiga magoti pale pale njiani. Siku zilizofuata kanzu nyeupe zilipanga foleni kwenye kibanda, kila mmoja anataka kupigwa picha Roho Mtakatifu akiwa begani. Kumbe Fundi alikuwa ameshaziba ufa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Picha zikatoka safi. Ikawa matata. Wakasema Fundi ametenda dhambi gani mpaka moto umeondoka kwenye boksi lake? Mzee wao mmoja alimbembeleza autafute tena. Ilikuwa kazi ya kubandua kipande cha mpira tu, na wangemletea watu wa kila aina. Fundi alikataa. Alisema, "Baba, ule ulikuwa ufa." Mtu wa kudanganya mchana na usiku juu ya kispea cha Kisii, hapo alikataa kudanganya, na alinunua maneno mengi kwa kukataa kwake.

Yeye mwenyewe alikuwa Msabato, na Jumamosi kibanda kilifungwa hata redio ingekuwa ya chifu. Lakini Jumamosi ndiyo siku aliyobeba boksi lake kwenda majumbani mwa wagonjwa, wale ambao Nyangweso hakuwataka kwenye kiti. Wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza. Aliwajibu kwamba hafanyi kazi, anatembelea wagonjwa, na kwamba yeye anatembea na boksi kama wao wanavyotembea na Biblia. Hawakuridhika, ila walimwacha. Mmoja wao baadaye alimwita nyumbani kwake mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, kwa ajili ya kijana wake.

Shida ya kamera ile ni kwamba ilikuwa ya polepole. Kifuniko kilifunguka kikakaa wazi kwa muda, na mtu akitikisika sura inafutika. Mzima anaweza kutulia. Mgonjwa wa kifua hawezi. Hapa ndipo Fundi alipofanya kitu ambacho sijaona mpiga picha mwingine akifanya. Alifunga sumaku ndogo ya umeme ya kuvuta springi, akaiwekea waya mrefu wenye kitufe mwishoni, ule waya wa maikrofoni. Boksi analiweka juu ya stuli. Yeye anakuja anakaa nawe kitandani, ubavuni, analaza sikio mgongoni mwako, na kitufe kiko mkononi. Anasikiliza. Kikohozi kina zamu zake, yeye alisema, kama redio inayokoroma. Kinakuja, kinajikusanya, kinapasuka, halafu pana mahali padogo pa kimya kabla hakijajikusanya tena. Hapo ndipo alipobonyeza.

Picha zake ukiziangalia vizuri, pembeni utaona kipande cha koti la kijivu.

Siku yangu alinikalisha karibu na mlango, kwenye chumba cha kupanga nilichokuwa nimehamia. Mshale wa mume wangu uliamka ukasimama. Fundi akamsimamisha Akinyi nyuma ya boksi, akaniambia, "Mtazame huyo. Boksi halina shida yako." Nikamtazama mtoto. Alikuwa anakula ndizi. Nikasikia sikio la Fundi mgongoni, lenye joto, na pumzi yake imesimama ikingoja yangu. Tulikaa hivyo muda. Nilikohoa, nikatulia, nikakohoa. Sikumbuki sauti ya kitufe. Nakumbuka alisema tu, "Tayari," kwa sauti ya chini, halafu akakaa kidogo bila kuondoka.

Picha iliporudi kutoka Kisii nilikuwa mifupa yenye macho. Lakini nilikuwa natazama. Mtu yeyote akiishika anaona anatazamwa.

Nikampeleka Akinyi kwa dada yangu aliyeolewa Takawiri, kisiwani, pamoja na picha, nikaaga kama mtu anayeaga kabisa. Kisha masista wa misheni walinipokea nikawangoja malaika kwao. Malaika hawakuja. Zilikuja sindano, kila asubuhi, na vidonge vikubwa vya kifua kikuu, miezi mingi. Kama nilikuwa na ile nyingine pia, hiyo ni yangu na daktari wangu. Nilipona kifua. Nilinenepa, mashavu yakarudi, nikawa naona haya kula.

Nikaenda Takawiri kumchukua mwanangu. Nimepita mengi, lakini sijui kama kuna siku iliyoniuma kama ile. Akinyi alinipa mkono kama mgeni, akainama kidogo kwa adabu. Dada yangu akamwambia, huyu ndiye mama yako. Akasema hapana. Akanishika mkono, akaniingiza ndani, akanionyesha ukutani. "Mama ni huyu." Alikuwa akiisalimia ile picha asubuhi, akiiaga akienda kuteka maji, akiiambia nani amempiga. Picha ilikuwa imemtazama muda wote huo bila kupepesa. Mimi nilikuwa mwanamke mnene aliyekuja na mtumbwi.

Nilihama naye Homa Bay, nikauza omena, dagaa wa ziwani. Alinitii. Aliniita Anti. Mwaka mzima nilipika, nikafua, nikamsuka nywele, naye usiku anaiambia picha habari zake. Nililichukia lile boksi. Nilimchukia na Fundi, nisifiche. Kisha siku moja, bila sherehe, akiwa anatafuta kiatu, aliniita Mama. Sikugeuka, niliogopa angesahau tena. Sikumuuliza kilichobadilika, na aliendelea kuniita hivyo.

Ilikuwa mwisho wa miaka ile ya tisini, Akinyi yuko darasa la sita, tulipomkuta Fundi. Nilikuwa nimesikia amehamia Homa Bay kwa binti yake, karibu na hospitali. Tulimkuta amekaa nje, amezeeka ghafla. Alinitazama nikija tangu kwenye uzio. Hakusimama. Akamwambia binti yake alete viti.

"Nilisikia umezikwa," aliniambia.

"Nani alikuambia? Owuor?"

"Nani mwingine."

Kumbe Owuor alikuwa amenizika kwa mdomo ili auze kipande chetu cha shamba. Fundi aliamini, na baada yangu alipiga picha wengine wachache tu, kisha akalivunja lile boksi. Aliniambia hakuna mgonjwa aliyempiga picha akapona. Hata mmoja. Alikuwa amefika mahali anabisha hodi kwa mgonjwa na mgonjwa anaanza kulia, kwa sababu boksi likiingia watu wanajua. "Wewe peke yako ndiye umeniharibia picha," akasema, na akacheka na machozi yakishuka.

Chai ikaletwa. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona sitalisema, lakini lilitoka. Nilimwambia picha yake ilininyang'anya mtoto. Nilimweleza Takawiri, ukuta, Anti, mwaka mzima. Nilimwambia alipiga vizuri kupita kiasi. Akinyi alikuwa amekaa kati yetu na sare yake ya shule, ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho chini.

 Fundi alimgeukia mtoto.

"Nyathina," alimwambia, mwanangu, "mama yako ni yupi?"

Nilitaka kumzuia. Kuna maswali ambayo mtu aliyepona hataki kuyasikia yakiulizwa. Akinyi alifikiri, si kwa muda mrefu.

"Ni huyu," akasema. "Yule wa picha alikaa na mimi tu mpaka huyu apone."

 Fundi akavuta kiti chake karibu na cha Akinyi, akaweka mkono nyuma ya sikio, akamwambia masikio yake siku hizi ni mabovu, hajapata vizuri, arudie. Akinyi akaweka kikombe chini akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na binti ya Fundi akasikia mpaka jikoni.